Tunautafuta uwepo, uso tumeuacha wapi?

Jumapili, saa saba mchana, watu wanatoka kanisani. Upepo wa Dodoma umeshainua vumbi, bodaboda wamejipanga nje ya geti, akina mama wanawatafuta watoto wao kwenye kundi la Shule ya Jumapili. Simama hapo dakika kumi utasikia sentensi moja kuhusu uwepo wa Mungu ikirudiwa kwa furaha ya kweli: "Leo uwepo ulikuwa mzito." Wiki nyingine utasikia kinyume chake, kwa sauti ya chini: "Leo uwepo haukushuka." Nimeisema mwenyewe mara nyingi, tena nikiwa miongoni mwa waliosimama mbele wameshika maiki. Kwa miaka mingi sikuona tatizo. Sasa sentensi hiyo inanisumbua, na nataka kueleza kwa nini, maana naamini inagusa swali ambalo waumini wengi wa mji huu wanajiuliza kimoyomoyo: mbona tunaabudu sana na bado tuko wakavu?

Tuanze na neno lenyewe. Katika Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, pale ambapo leo tungesema uwepo, mara nyingi wafasiri waliandika uso. Musa anapoogopa kuwaongoza watu jangwani peke yake, katika Kutoka 33, anaambiwa: "Uso wangu utakwenda pamoja nawe, nami nitakupa raha." Daudi anapoililia dhambi yake katika Zaburi ya 51 anaomba: "Usinitenge na uso wako." Katika Zaburi ya 27 Mungu anasema tafuteni uso wangu, na moyo wa mwandishi unaitika kwamba uso huo ndio utakaoutafuta. Wafasiri hawakukosa msamiati. Walifuata Kiebrania, ambacho mahali hapo kinasema panim, yaani uso.

Uwepo, kwa jinsi tunavyolitumia neno hili siku hizi, umekuwa kitu kama hali ya hewa. Unashuka, unajaa, unakuwa mzito, unapungua matangazo yanapoanza kusomwa. Mtu anauhisi akiwa amefumba macho, na ukishapita hadaiwi chochote. Uso ni habari nyingine. Uso ni wa mtu fulani, una macho, na ukiutazama nao unakutazama: unaona shati safi ulilovaa, unaona pia deni la jirani unalolikwepa mwezi wa tatu sasa. Aliyekaa mbali na baba yake kwa muda mrefu anajua hamu ya kuuona uso wake ilivyo. Ndani yake mna furaha na mna woga, kwa sababu baba atakumbatia, na baada ya kukumbatia atauliza maswali. Nadhani ndiyo maana tumelipenda neno uwepo. Linatupa joto bila kututazama.

Hata hivyo Kiswahili chenyewe kimehifadhi hekima kubwa ndani ya neno hilo, tukilisikiliza vizuri. Sisi tuna yuko, yupo na yumo. Yuko, lakini mahali penyewe hapajulikani barabara. Yupo, hapa au pale panapojulikana. Yumo, ndani kabisa. Ukipiga hodi kwa watu, mtoto akikujibu "baba yuko shamba", unageuza baiskeli. Akisema "baba yupo", unavua viatu. Uwepo umetokana na hiyo -po, mahali dhahiri. Sasa soma Zaburi ya 42 ukiwa na hilo kichwani. Mtu analia usiku na mchana, machozi yamekuwa chakula chake, na wanaomzunguka wanamuuliza kutwa nzima: "Yuko wapi Mungu wako?" Wanauliza kwa -ko, kama watu wasioona dalili yoyote. Ukitoka hapo rudi nyuma hadi Mwanzo 28. Yakobo amelala porini, kichwa juu ya jiwe, ametoroka nyumbani kwa kosa lake mwenyewe. Anaamka akisema: "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua."

Hakuna aliyekuwa ameandaa mahali pale. Hapakuwa na wimbo wa kufungulia wala wa kushusha kitu. Yakobo hakusema Mungu amekuja. Alisema yupo, na kilichokuwa kimepungua ni kujua kwake. Basi tunapotangaza getini kwamba leo uwepo haukushuka, tumepima nini hasa? Tumepima koo la mwimbishaji, ubora wa spika na usingizi wetu wa Jumamosi usiku, kisha matokeo tukayaandika kwa jina la Mungu.

Nisieleweke kwamba kiu yenyewe ni ya uongo. Kiu ni ya kweli, na mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa kiu ni nini. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mji huu lilitokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia kwenye tope, nao waliomwona wakasema idodomya, amezama. Kwa simulizi hiyo mji wetu umeitwa kwa kiu ya mnyama. Mvua hapa kwa kawaida zinaanza Desemba na kukatika Aprili, na kwa wastani wa mwaka hazifiki milimita 600. Miezi inayobaki ni jua, upepo na mibuyu iliyopukutika majani. Zaburi ya 42 inataja ayala anayetamani mito ya maji, mnyama ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona, lakini ng'ombe wa Oktoba anayenusa ndoo tupu tunamjua sote. Na Daudi anaposema katika Zaburi ya 63 kwamba nafsi yake inamwonea Mungu kiu "katika nchi kame na uchovu, isiyo na maji", mchungaji wa Bahi au Manyoni haombi tafsiri.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikipelekwa likizo kwa bibi yangu upande wa Chamwino. Karibu na kijiji chao palikuwa na korongo ambalo wakati wa masika lilipita maji mekundu kwa kishindo, na kiangazi likawa mchanga mtupu, mweupe, wa moto. Asubuhi ya kwanza tulishuka korongoni na ndoo mbili na kata. Nilitazama huku na huku nikaona mchanga tu. Nikamuuliza, "Bibi, maji yako wapi?" Akaweka ndoo chini mahali fulani, akapiga magoti, akajibu, "Yapo." Akaanza kuchimba kwa mikono.

Wanaojua kisima cha mchangani wanajua kinavyokwenda. Unachimba mchanga mkavu, unakuja mchanga wa baridi, halafu wenye unyevu, kisha kunatokea kijidimbwi cha maji ya rangi ya chai. Hayo hayanywewi. Unayateka kwa kata, unayamwaga pembeni. Yanakuja mengine, bado yana tope, unamwaga. Unasubiri. Hapo hakuna cha kufanya isipokuwa kukaa ukingoni na kutokorofisha. Ukikoroga kwa haraka yako unarudi mwanzo. Maji yanajichuja taratibu kutoka ubavuni mwa mchanga mpaka yanatulia, na ndipo unachota, kata moja moja, ndoo inajaa kwa muda ambao mtoto wa mjini anaona hauishi. Ukimaliza unafunika shimo kwa matawi ya miiba ili mbuzi wasilivuruge. Kadiri kiangazi kinavyosonga, maji yanashuka, nawe unachimba kwenda chini zaidi. Masika yakija, korongo linafagia kila kitu, na mwaka unaofuata unaanza upya.

Bibi hakuwahi kushangazwa na tope. Kwake tope lilikuwa ishara nzuri, kwamba amefika karibu. Hilo nimekuja kulielewa nikiwa mtu mzima, na kwa uchungu.

Miaka tisa niliongoza nyimbo katika kanisa moja hapa mjini. Nilijua ni wimbo gani ukiimbwa polepole watu watalia. Nilijua wapi pa kunyamazisha ngoma ili sauti zisikike peke yake, na wapi pa kupandisha. Sikuwa nadanganya, niliamini. Lakini kadiri nilivyozidi kuwa hodari wa kuwapeleka wengine, mimi nilibaki mlangoni. Jioni moja mke wangu, akiwa anachambua mlenda, aliniuliza kwa nini nyumbani huwa siimbi. Hakuuliza kwa lawama. Alitaka kujua tu. Nilitafuta jibu sikulipata, kwa sababu lilikuwa rahisi mno: nyumbani hapakuwa na watu wa kuwaongoza, na bila watu sikuwa na cha kumwambia Mungu.

Nilianza kuamka kabla hakujapambazuka. Jirani yangu ni Mwislamu, na adhana ya alfajiri ilipolia nilisikia bomba lake likifunguliwa, akitawadha, kila siku, mvua au baridi ya Julai. Simjui kama mtu wa hisia kubwa. Ninamjua kama mtu anayeamka. Nikawa naamka naye, ukuta kwa ukuta, nasoma Zaburi moja kwa sauti ndogo, kisha nanyamaza. Miezi ya mwanzo kilichopanda moyoni kilikuwa tope: hasira ya kazini, hesabu za ada, wivu kwa mwimbishaji mwenzangu ambaye sauti yake ilipendwa kuliko yangu. Nilikatishwa tamaa, nikadhani nimekosea njia. Ndipo nikamkumbuka bibi na kata yake, akimwaga pembeni bila kusema neno. Kila asubuhi nikawa nalitaja lile tope kwa jina lake mbele za Mungu na kulimwaga. Sina tukio la kusimulia baada ya hapo, radi wala maono. Naweza kusema tu kwamba siku moja, mwaka ulikuwa umeshageuka, niligundua ninaimba nikiosha vyombo.

Kwa hiyo wachungaji na walimu wa kwaya wanaponiuliza moyo wa ibada unakuzwaje, siwaelekezi kwanza kwenye nyimbo mpya. Lakini nyimbo zenyewe pia zina neno la kutuambia. Fanya zoezi hili Jumapili ijayo: sikiliza vitenzi. Niinue, nibariki, nifungulie, nipandishe, nikumbuke. Kiambishi -ni- kimekaa katikati ya wimbo mzima, mimi ndiye mtendwa, na Mungu ameajiriwa kuwa mtenda. Zaburi nazo zinaomba, tena kwa kelele: niokoe, niponye, unirehemu. Maskini kuomba si dhambi. Ila Zaburi hazikai hapo. Zinavuka kwenda kwenye -ku-: nakutafuta, nakutumaini, nafsi yangu inakuonea shauku. Wimbo wa saa nzima usio na hata -ku- moja ya kumtaka Mungu mwenyewe, mbali na mfuko wake, unatulea watoto wanaosalimia mkono wa baba na kuruka uso wake.

Kuna watakaosema nawarudisha watu kwenye ukimya mkavu, ibada ya watu waliosimama kama miti. La hasha. Niko nchi ya Ugogo. Hapa watu huimba kwa sauti zinazopishana kama maji ya vijito viwili, kwa zeze na ilimba, na akina mama hupiga ngoma za muheme kwa nguvu inayotikisa vifua vya wasikilizaji. Hayati Hukwe Zawose aliubeba muziki huu hadi mabara mengine, na makwaya ya vijijini huku yameuingiza kanisani, yakiimba Neno kwa mahadhi ya nyumbani. Nikiwaona bibi zetu wakitikisa mabega mbele ya altare, namkumbuka Daudi akicheza kwa nguvu zake zote mbele za sanduku la Bwana, na Mikali mkewe dirishani akimdharau. Sitaki kusimama dirishani na Mikali. Mwili una haki ya kuabudu, machozi yana haki, na mtu ambaye hajawahi kutikiswa na wimbo nina wasiwasi naye zaidi kuliko anayetikiswa kila wiki. Ugomvi wangu ni pale mtikisiko unapogeuzwa kipimo, mtu aliyefiwa juzi na asiyeweza kuinua mikono akaambiwa ana roho ngumu. Huyo ndiye mwandishi wa Zaburi ya 42 hasa. Yeye anakumbuka jinsi alivyokuwa akienda na umati nyumbani kwa Mungu kwa sauti za furaha, na sasa yuko mbali na hekalu, hana umati, ana hamu tu. Na hamu ile ikawa zaburi, na zaburi ikaimbwa na Wayahudi na Wakristo mpaka leo. Ukavu wake ulikuwa ibada.

Kati ya mwaka 1917 na 1920 nchi hii ya Ugogo ilipita katika njaa kuu inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, baada ya majeshi ya vita ya Wazungu kuchukua nafaka, mifugo na wanaume, na mvua nazo kukatika. Mathias Mnyampala, mshairi mkubwa wa Kiswahili, alizaliwa huko Ihumwa mwaka 1917, njaa ikianza. Mtoto wa mwaka ule ndiye aliyekuja baadaye kuzitungia Zaburi utenzi. Nikiwaza hilo nanyamaza kidogo.

Kuna upande mmoja wa uso ambao bado sijaugusa, nao kwa mji huu ni mzito kuliko yote. Neno ibada tumelipata Kiarabuni, na shina lake ndilo lililozaa abudu na pia abdi, mtumishi, kama katika jina Abdallah. Kuabudu ni kutumika. Na Kiswahili chetu kinamwita mchungaji mtumishi, kinamwita na karani wa wizara mtumishi. Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, zaidi ya miaka 40 baada ya uamuzi wa 1973, Dodoma ilijaa watumishi wa aina zote mbili, na makanisa yakapanuka nao. Wengi wanaolia na wimbo Jumapili ndio wanaokaa nyuma ya meza Jumatatu, Mtumba kwenye mji wa Serikali na mjini. Mbele ya meza hiyo anasimama mama aliyetoka Kondoa na faili la mirathi, amepanda basi usiku, anaambiwa njoo wiki ijayo kwa sababu tu mtumishi amechoka.

Isaya 59 inasema jambo zito kwa Kiswahili chepesi: dhambi zenu zimeuficha uso wake msiuone. Wala haisemi uwepo umepungua. Uso umefichwa, na walioweka pazia ni sisi. Amosi naye anamsikia Mungu akiomba aondolewe kelele za nyimbo, haki iachiwe itiririke kama maji. Maji tena. Mtu anaweza kufunga na kukesha akitafuta kwa nini moyo wake umekuwa korongo, kumbe jibu limelala kwenye droo ya ofisi, faili la mama wa Kondoa. Paulo katika Warumi 12 anataka tuitoe miili yetu kuwa dhabihu iliyo hai, na anaiita hiyo ndiyo ibada yetu yenye maana. Mwili ni pamoja na mkono unaopiga muhuri.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilimwomba mchungaji wetu ruhusa ya jambo dogo. Baada ya nyimbo, kabla ya mahubiri, tukae kimya dakika tatu. Bila kinanda, bila mtu kuomba kwenye maiki. Kabla ya kunyamaza nisome tu mstari wa Zaburi ya 27 juu ya uso, basi. Alikubali kwa mashaka, akasema watu watadhani umeme umekatika.

Jumapili ya kwanza ilikuwa ngumu. Watu walikohoa, simu ililia, mtoto akauliza kwa sauti kama tumemaliza. Kabla dakika moja haijaisha, kijana wetu wa kinanda, kwa mazoea tu, alianza kupiga taratibu ile milio ya kujaza nafasi, na nikaona mabega ya watu yakishuka kwa nafuu. Sikumwambia kitu. Jumapili ya pili alijizuia, lakini vidole vilibaki juu ya funguo, vimekunjwa, vikisubiri. Jumapili ya tatu nilipomaliza kusoma nilimtupia jicho. Alikuwa amezima kinanda, ameiweka mikono yake mapajani, na amefumbua macho.